Joto la Mwezi Kituoni: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara kuhusu Kurekodi na Kurekebisha Takwimu

Majibu haya yameandikwa kwa waangalizi wa vituo vya hali ya hewa, walimu wanaotunza kibanda cha vipimajoto shuleni, mabwana shamba, na wanafunzi wanaokabidhiwa jedwali la joto bila kuelezwa lilikotoka. Jambo moja litajitokeza tena na tena: namba iliyoandikwa daftarini siku ya kipimo haiguswi. Kinachorekebishwa ni nakala yake, na kila badiliko huandikiwa tarehe, kiasi na sababu.

Wastani wa joto la mwezi hupatikanaje?

Kila siku huandikwa joto la juu kabisa na joto la chini kabisa. Mwisho wa mwezi mwangalizi hujumlisha joto la juu la siku zote na kugawanya kwa idadi ya siku, kisha hufanya vivyo hivyo kwa joto la chini. Nusu ya jumla ya wastani hizo mbili ndiyo wastani wa mwezi. Ikiwa wastani wa joto la juu ni nyuzijoto 31.4 za Selsiasi na wa joto la chini ni 22.6, wastani wa mwezi ni 27.0. Namba zote tatu zihifadhiwe, wala si ile ya mwisho pekee, kwa maana joto la mchana na la usiku haviharibiwi na makosa yaleyale: kibanda kilichopauka rangi hupandisha joto la mchana, ilhali ukuta wa zege uliojengwa jirani huonekana zaidi katika joto la usiku.

Ni kweli kwamba nusu ya jumla ya juu na chini si wastani halisi wa saa 24, kwa sababu joto hupanda haraka asubuhi na kushuka polepole usiku. Baadhi ya nchi za Ulaya zilizoea kusoma saa moja asubuhi, saa nane mchana na saa tatu usiku, huku usomaji wa usiku ukihesabiwa mara mbili. Njia zote hizi zinakubalika. Kisichokubalika ni kuanza na njia moja, kuhamia nyingine katikati ya miaka, na kuunganisha matokeo kana kwamba hakuna kilichobadilika.

Vipimajoto visomwe saa ngapi?

Vituo vya Afrika Mashariki hufuata saa ya kimataifa, ambayo iko nyuma ya saa yetu kwa saa tatu. Usomaji mkuu wa asubuhi hufanyika saa 0600 ya kimataifa, na hapo ndipo joto la chini la usiku uliopita huandikwa, kwa kuwa kwa kawaida joto hufikia chini kabisa karibu na macheo. Joto la juu, ambalo mara nyingi hufikiwa kati ya saa saba mchana na saa tisa alasiri, husomwa saa 1800 ya kimataifa pale ambapo kuna mwangalizi wa zamu ya usiku.

Hapa kuna mtego ambao vitabu vya mwongozo vilivyoandikwa ughaibuni haviutaji, kwa sababu waandishi wake hawahesabu saa kama sisi. Saa 0600 ya kimataifa ni saa 0900 kwenye saa ya ukutani na ni saa tatu asubuhi katika mazungumzo. Wakati mmoja una namba tatu. Nimewahi kushika daftari la kituo kimoja ambamo safu ya saa iliandikwa «9» kwa miaka kadhaa. Mwangalizi wa kwanza alikusudia saa 0900, yaani asubuhi, na aliyempokea alikusudia saa tisa alasiri. Ukurasa haukuonyesha tofauti yoyote, lakini joto la kawaida la hewa lilipanda ghafla kwa digrii kadhaa kuanzia Jumatatu moja, na mtafiti asiyejua Kiswahili angeweza kuandika makala nzima kuhusu ongezeko hilo. Andika saa kwa tarakimu nne, na juu ya ukurasa taja waziwazi kama ni saa ya kimataifa au ya hapa.

Kituo chetu husomwa mara moja tu, saa tatu asubuhi. Joto la juu liandikwe tarehe ipi?

Liandikwe katika siku iliyotangulia. Kipimajoto cha kiwango cha juu kinachosomwa Jumatano asubuhi kinaonyesha joto la Jumanne alasiri, na joto la chini lililosomwa wakati huohuo ni la Jumatano yenyewe. Kosa la kuyaweka yote mawili katika tarehe moja haliharibu sana wastani wa mwezi, kwa kuwa husogeza siku moja tu kuvuka mpaka wa mwezi, lakini huvuruga kabisa kazi ya mtu anayelinganisha joto na mvua siku kwa siku.

Kusoma na kurudisha kipimajoto cha juu alasiri kukiwa bado na joto kali kuna madhara makubwa zaidi. Ukikikung'uta saa kumi, zebaki hushuka tu hadi joto la wakati huo. Kesho yake kukiwa na mawingu na baridi, kipimajoto kitakuwa bado kimeshikilia joto la jana, na siku moja ya jua itahesabiwa mara mbili. Huko Marekani, ambako waangalizi wa kujitolea walihama hatua kwa hatua kutoka kusoma jioni hadi kusoma asubuhi, badiliko hilo la saa pekee lilifanya miaka ya karibuni ionekane baridi kuliko ilivyokuwa, na likahitaji marekebisho makubwa. Kwetu pwani, ambako leo hufanana na jana, athari ni ndogo. Kwenye nyanda za juu zenye baridi ya Juni na Julai si ndogo.

Kibanda kiweje?

Kiwe cheupe, chenye kuta za mbao zilizopangwa kama vipande vya luva ili hewa ipite na miale ya jua isipenye, na vipimajoto vikae kati ya meta 1.25 na 2 kutoka ardhini, juu ya majani mafupi. Umbo hili lilibuniwa na Thomas Stevenson, mhandisi wa minara ya taa wa Uskoti, katika karne ya 19. Mlango uelekee upande ambao jua halitaingia wakati wa kusoma. Karibu na ikweta jua huhama kutoka kaskazini kwenda kusini katika mwaka, kwa hiyo baadhi ya vibanda huwa na milango miwili. Mengine ni usafi wa kawaida: toa viota vya nyigu, paka rangi upya kabla haijageuka kijivu, na tazama miguu ya kibanda, kwani mchwa hawaheshimu kumbukumbu za taifa.

Nimekosa kusoma siku kadhaa. Je, bado ninaweza kutoa wastani wa mwezi?

Mwongozo wa Shirika la Hali ya Hewa Duniani uliotolewa mwaka 2017 unasema wastani wa mwezi usikokotolewe iwapo siku zilizokosekana ni 11 au zaidi, au iwapo siku 5 au zaidi zimekosekana mfululizo. Sharti la pili ni kali kuliko la kwanza kwa sababu ya haki: siku tano zilizotawanyika hupoteza kidogo katika kila hali ya hewa, ilhali siku tano mfululizo zinaweza kuwa ndizo zile za joto kali kuliko zote, au zile ambazo mvua kubwa ilimzuia mwangalizi kufika, na hivyo kilichobaki hakiwakilishi mwezi. Kanuni hii ni ya joto. Jumla ya mvua haivumilii pengo la siku hata moja, kwa kuwa siku hiyo moja inaweza kuwa ndiyo iliyobeba nusu ya mvua ya mwezi.

Pengo liachwe wazi au liwekewe alama iliyokubaliwa. Lisijazwe sifuri, kwa sababu sifuri ni joto. Chukua mwezi wa siku 30 ambao wastani wake ni nyuzijoto 27.0, siku moja ikakosekana na karani akaandika 0: wastani unashuka hadi 26.1, na hakuna atakayeshtuka, maana 26.1 ni namba inayoaminika. Faili nyingi za kimataifa hutumia -9999 kuonyesha pengo. Mtu akisahau kuiondoa, wastani wa mwezi huohuo unakuwa chini ya sifuri kwa zaidi ya digrii 300, jambo ambalo hata mtoto wa darasa la nne atalikataa. Ndiyo maana -9999, pamoja na ubaya wake, ni salama kuliko sifuri.

Niligundua nimeandika vibaya. Je, nifute?

Usifute, wala usipake wino mweupe. Piga mstari mmoja juu ya namba yenye kosa ili iendelee kusomeka, andika namba sahihi pembeni, weka herufi za kwanza za jina lako na tarehe. Na ikiwa hukumbuki ulichokiona, usikisie: andika kwamba usomaji una shaka.

Thamani ya tabia hii ilionekana Libya. Kwa takriban miaka 90 rekodi ya joto kali kuliko yote duniani ilikuwa nyuzijoto 58.0, iliyosomwa El Azizia tarehe 13 Septemba 1922. Wataalamu waliokusanywa na Shirika la Hali ya Hewa Duniani walipoipata karatasi yenyewe ya mwezi ule, waliona mwandiko umebadilika siku mbili kabla, ishara kwamba mwangalizi mpya ameshika zamu, na kwamba mtu huyo alikuwa akiweka baadhi ya namba katika safu zisizo zake. Kipimajoto kilichotumika kilikuwa cha aina ambayo asiyezoea angeweza kusoma ncha isiyo sahihi ya kijiti cha kuonyeshea na kukosea kwa takriban digrii 7. Mwaka 2012 rekodi hiyo ilibatilishwa, na nafasi ikarudi kwa nyuzijoto 56.7 za Death Valley, Marekani, za tarehe 10 Julai 1913. Kama karatasi ile ingenakiliwa upya kwa mwandiko mmoja nadhifu na ya awali kutupwa, hakuna ambaye angelijua la kusema.

Makosa ya kuandika hubainikaje kabla takwimu hazijatumwa?

Ukaguzi wa kwanza ni wa akili ya kawaida. Joto la chini lisizidi la juu la siku hiyo. Kipimajoto cha juu kilichorudishwa kisisome tofauti na kile cha kawaida kilicho kando yake. Nukta ya desimali isihame, 31.4 ikawa 3.14. Kipimajoto cha chini kinachotumia spiriti kitazamwe upande wa juu, kwa kuwa matone ya spiriti hupanda na kuganda kileleni, na tangu hapo kila usiku huonekana baridi kuliko ulivyokuwa.

Kisha hesabu tarakimu za mwisho. Katika kazi ya uaminifu, sifuri hadi tisa hutokea kwa idadi inayokaribiana; ukurasa uliojaa .0 na .5 unasema mwangalizi alikuwa akikadiria kwa mbali, pengine bila kuinama ili jicho lilingane na ncha ya zebaki. Sipendekezi aadhibiwe. Mara nyingi ngazi ya kibanda imevunjika, au miwani imechelewa.

Kosa lililo gumu kuonekana kwetu ni kunakili mwezi uliopita. Novemba 2008, takwimu za vituo vingi vya Urusi zilizoingia katika hesabu za dunia za Oktoba zilikuwa kwa kweli ni zile za Septemba zilizorudiwa. Watu walishtuka ndani ya siku chache, kwa sababu Siberia ya Septemba na ya Oktoba ni kama nchi mbili tofauti, na takwimu zikasahihishwa. Lakini rudia Januari ya Zanzibar mahali pa Februari, na jicho halitaona kitu. Kituo cha pwani ya tropiki hakina budi kuwa na ukaguzi unaolinganisha mwezi na mwezi, tarakimu kwa tarakimu.

Kama vipimo vilifanywa vizuri, kwa nini virekebishwe?

Kwa sababu vipimo vizuri vinaweza kuwa vya mahali tofauti au chombo tofauti. Wellington, New Zealand, ni mfano ulio wazi. Hadi mwisho wa 1927 joto la mji huo lilipimwa Thorndon, meta 3 juu ya usawa wa bahari; baadaye kituo kikahamia mlimani Kelburn, meta 125. Hewa hupoa kwa takriban digrii 6.5 kwa kila meta 1,000 unazopanda, kwa hiyo meta 122 huleta upungufu wa digrii 0.8 hivi, na kiasi kama hicho ndicho kilichopatikana kwa kulinganisha vituo. Waangalizi wa Thorndon hawakukosea, wa Kelburn pia hawakukosea. Anayekosea ni yule anayeunganisha misururu hiyo miwili kwa mstari mmoja na kutangaza kwamba Wellington ilipoa mwaka 1928.

Kwa hiyo neno «kurekebisha» lisichukuliwe kuwa ni kusahihisha kosa la mtu. Ni kuuliza: kituo cha leo kingesoma nini siku zile?

Marekebisho hufanywaje hatua kwa hatua?

Tuchukue kituo cha mfano, tukiite A, kilichohamishwa Julai 2009 kutoka katikati ya mji hadi pembezoni, na kina majirani watatu ambao hawakuhama. Usianze na joto lenyewe. Anza na tofauti. Kwa kila mwezi toa wastani wa majirani kutoka kwa A. Mwaka wa joto huwapandisha wote kwa pamoja, kwa hiyo joto la mwaka hujifuta katika tofauti, na kinachobaki ni mambo ya A peke yake. Ikiwa tofauti ilikuwa ikicheza karibu na +1.1 kwa miaka mingi, kisha kuanzia Julai 2009 ikacheza karibu na +0.4, ngazi, yaani badiliko la ghafla, ya digrii 0.7 imejitokeza, na tarehe yake inalingana na ile iliyo katika historia ya kituo. Takwimu za kabla ya Julai 2009 hupunguzwa digrii 0.7 katika nakala ya marekebisho.

Hiyo ndiyo mifupa. Nyama yake ni hii: ngazi hiyo ikokotolewe kando kwa joto la juu na la chini, na ikiwezekana kando kwa kila mwezi, maana tofauti kati ya mji na pembezoni mwezi Februari wa jua kali si ile ya Aprili ya masika. Kila jirani atazamwe peke yake kabla hajaingizwa katika wastani, kwa kuwa huenda naye ana ngazi yake. Programu ya Kituo cha Marekani kinachotunza hazina ya dunia ya takwimu za mwezi hufanya hivyo kwa jozi: hulinganisha kila kituo na majirani wengi, wawili wawili, na ngazi inayojirudia katika jozi zote za kituo kimoja hubebeshwa kituo hicho. Kompyuta hupata tarehe hata pale ambapo historia haikuandikwa. Binafsi huiamini zaidi ngazi yenye ushahidi wa karatasi kuliko iliyopatikana kwa hesabu tu, na ngazi iliyo chini ya digrii 0.3 isiyo na maelezo yoyote ningeiacha ilivyo na kuitaja katika maelezo.

Mbona zinapunguzwa au kuongezwa takwimu za zamani, na si za sasa?

Ni kwa urahisi wa kazi. Kituo cha leo kinaendelea kusoma, na ingekuwa adha kuongeza digrii 0.7 kwa kila usomaji mpya milele. Kwa mwelekeo wa miaka mingi, kushusha zamani au kupandisha sasa ni mamoja.

Hatuna majirani wa karibu. Tufanyeje?

Ukaribu wa ramani si hoja ya kwanza. Hoja ni kama vituo hivyo hupanda na kushuka pamoja mwezi kwa mwezi. Tanga iliyo baharini na Lushoto iliyo juu ya Usambara haziko mbali, lakini ukungu wa mlimani na upepo wa bahari vina mambo yao, na kabla ya kuzitumia pamoja ni lazima uchore tofauti zao uone kama zimetulia. Kinyume chake, vituo viwili vya uwanda mkavu vilivyo mbali zaidi vinaweza kutembea kama mapacha. Jirani kuwa na baridi zaidi si tatizo. Tatizo ni kubadilika kivyake.

Mahali pasipo na jirani kabisa, baadhi ya watafiti hutumia takwimu za kompyuta kama ERA5 ya kituo cha Ulaya cha utabiri, zinazoanzia 1940. Zinasaidia, ila uwe na hadhari: zimejengwa kwa kuchanganya modeli na vipimo vya vituo, na huenda kituo chako mwenyewe kilichangia, ukawa unamuuliza shahidi aliyekwisha kusikia maelezo yako.

Tunaondoa zebaki na kuweka kituo cha otomatiki. Tujiandae vipi?

Mkataba wa Minamata wa 2013 umeifanya zebaki iondoke vituoni, hivyo badiliko hili linakuja kila mahali. Kihisi cha platini huitikia haraka kuliko zebaki. Upepo mfupi wa joto ambao zebaki isingeuona hukamatwa, na joto la juu huonekana limepanda. Kwa sababu hiyo hushauriwa kutumia wastani wa dakika moja, si usomaji wa papo kwa papo.

Jambo la lazima ni kuendesha vyombo vyote viwili bega kwa bega kwa angalau mwaka mmoja, na miwili ikiwezekana, ili kila msimu uwe na ulinganisho wake. Marekani ilijifunza hili baada ya kutenda. Katikati ya miaka ya 1980 vituo vingi vya kujitolea vilibadilishiwa vyombo, na uchunguzi wa baadaye ukaonyesha kwamba joto la juu lilishuka kwa takriban digrii 0.4 huku la chini likipanda kwa takriban 0.3. Tazama uovu wa jambo hili: ukichukua wastani tu, badiliko ni chini ya sehemu ya kumi ya digrii, na mtu angesema chombo kipya ni sawa na cha zamani. Tofauti ya mchana na usiku ndiyo iliyopungua kwa digrii 0.7. Hii ndiyo sababu niliomba hapo juu namba zote tatu zihifadhiwe.

Mji umekua na kuzunguka kituo. Je, joto hilo liondolewe?

Inategemea unauliza nini. Dar es Salaam ilikuwa na watu wapatao 273,000 katika sensa ya 1967 na zaidi ya milioni 5.3 katika ile ya 2022, na uwanja wa ndege ambao zamani ulikuwa nje ya mji sasa umezungukwa na nyumba. Anayepanga umeme, hospitali au mitaro anahitaji joto ambalo watu wanaliishi, pamoja na lile la zege na lami. Akiliondoa atakuwa amepanga kwa ajili ya mji usiokuwepo. Anayechunguza mabadiliko ya tabianchi ya ukanda mzima atahitaji kulitenga kwa kulinganisha na vituo vya vijijini. Athari ya mji huja polepole, si kwa ngazi, na huonekana zaidi usiku, kwa hiyo njia ya kutafuta ngazi haiigundui kwa urahisi.

Je, marekebisho si namna ya kupika takwimu ili dunia ionekane ina joto?

Swali ni la halali na halijibiwi kwa kukasirika. Kwa vituo vya nchi kavu, jumla ya marekebisho huongeza kidogo mwelekeo wa joto. Kwa bahari, ambayo ni sehemu kubwa ya uso wa dunia, ni kinyume: mabaharia wa zamani walichota maji kwa ndoo, na maji yakapoa sitahani kabla ya kupimwa, hivyo vipimo hivyo hupandishwa. Ukijumlisha nchi kavu na bahari, dunia iliyorekebishwa inaonyesha ongezeko dogo la joto tangu mwishoni mwa karne ya 19 kuliko takwimu ghafi. Mpishi wa namna hiyo angekuwa anajiunguza mwenyewe.

Dalili ya upishi wa kweli ni nyingine: takwimu za awali hazipatikani, sababu hazikuandikwa, au marekebisho yamefanywa kwa kituo kimoja kwa mkono baada ya kuona matokeo. Ukikutana na mojawapo, uliza.

Nikipakua takwimu za dunia, nichukue faili ipi?

Hazina inayotumiwa zaidi kwa joto la mwezi, GHCN toleo la 4, ina vituo zaidi ya 25,000 na hutoa faili mbili kuu. Yenye herufi «qcu» haijarekebishwa; yenye «qcf» imerekebishwa. Joto limeandikwa kwa mafungu ya mia ya digrii, kwa hiyo 2743 ni nyuzijoto 27.43. Kituo hutafutwa kwa namba yake ya kimataifa: uwanja wa ndege wa Dar es Salaam ni 63894, Dagoretti ya Nairobi ni 63741. Pakua zote mbili, toa moja kutoka kwa nyingine, na chora tofauti. Utaona penye ngazi na ukubwa wake. Andika pia tarehe ya kupakua, kwa sababu hesabu ya marekebisho hurudiwa kila takwimu mpya zinapoingia, na namba ya mwaka 1962 uliyoiona leo huenda isiwe ileile mwakani. Jambo hilo huwaudhi wengi, lakini faili ya «qcu» ipo kwa ajili yao.

Vitabu vya zamani vimeandikwa kwa Farenhaiti. Nibadilishe vipi?

Toa 32, zidisha kwa 5, gawanya kwa 9: 86 inakuwa 30.0. Badilisha usomaji wa kila siku au wastani wa mwezi, jibu ni lilelile, ila usiukadirie usomaji wa siku hadi namba kamili. Kumbuka kwamba aliyesoma kwa digrii nzima za Farenhaiti alikuwa na hatua ya zaidi ya nusu ya digrii ya Selsiasi, kwa hiyo 30.6 uliyoipata kutoka 87 isikudanganye kwamba alipima sehemu ya kumi.

Historia ya kituo iandikwe nini, na itunzwe wapi?

Andika latitudo, longitudo na mwinuko. Tarehe ya kila kuhama hata kwa meta 20. Aina na namba ya kila chombo na siku kilipobadilishwa au kupimwa usahihi wake. Saa za kusoma. Siku kibanda kilipopakwa rangi. Mti uliopandwa, uliokatwa, nyumba iliyojengwa. Piga picha nne kila mwaka ukiwa umesimama kibandani, kaskazini, mashariki, kusini na magharibi. Majina ya waangalizi yawepo pia, maana mkono hubadilika na kipimo hubadilika nao.

Kwa kituo kilichokuwepo kabla ya 1977, tafuta mbali kidogo. Hadi Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka huo, Kenya, Tanzania na Uganda zilikuwa na idara moja ya hali ya hewa yenye makao Nairobi, na maelezo ya kuhamishwa kwa kibanda chako huenda yamo katika ripoti za pamoja za wakati ule kuliko katika kabati la ofisi yako. Kuhusu madaftari yenyewe, piga picha kila ukurasa, pamoja na ile yenye mistari ya masahihisho na maandishi ya pembeni, kisha yaweke kwenye sanduku la bati, mahali pakavu, yainuliwe kutoka sakafuni.